Mwambie Akutukane

Taa nyekundu ilipowaka ubaoni, saa nne na dakika kumi asubuhi, nilikuwa na kitumbua mdomoni na sikuwa na haraka yoyote. Kwa siku tunaona taa kumi na mbili, kumi na tano. Kila taa ni mtu mmoja mahali fulani, amekaa na simu yake, anamsomea mwizi sentensi kwa sauti, tena kwa furaha, kwa sababu ameambiwa ameshinda.

"Wameshinda nini tena leo?" nikamuuliza Hiza, mkuu wetu wa zamu.

"Trekta na nyumba ya Dodoma," akasema bila kuinua kichwa. "Soma sentensi mia tatu, uthibitishe kuwa wewe ni wewe."

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka, na siku hiyo nilikuja kuulaani mdomo wangu. Sisi wa Idara ya Sauti hapa Same tumeshazoea. Tangu sahihi ya karatasi ifutwe, sauti ya mtu ndiyo kalamu yake. Kwa sauti anauza shamba, anafunga ndoa, anatoa mgonjwa hospitali. Wezi wa enzi za bibi zetu walikuwa wakikuandikia kwamba umeshinda, kisha wanakuomba utume ada kidogo ili zawadi ije. Wa leo hawataki hata senti yako. Wanataka sentensi mia tatu, na zikitimia, wao wanakuwa wewe.

Nikaigusa taa nisome jina. Kajiru Mfinanga, umri sabini na tatu, mlinzi wa ndiva, Mbaga. Amesoma asilimia thelathini na mbili.

Kitumbua kikanikaa kooni. Huyo ni baba yangu.

"Namkunda? Vipi, dada?" Hiza akauliza.

"Ni Baba," nikasema. "Mungu wangu, Hiza, ni Baba!"

Hiza si mtu wa milimani, kwao ni Korogwe, lakini anajua ndiva ni nini. Ni bwawa la kukingia maji walilotuachia wazee. Zamani lango lake lilizibwa kwa udongo na majani ya migomba. Siku hizi ni la chuma, linafunguka kwa sauti ya mtu mmoja aliyechaguliwa na kijiji, na mtu huyo ni Baba. Kaya mia nne zinaingoja sauti yake kila asubuhi. Atakayeipata ataweza kuyafunga maji yale apendavyo, na kumuuzia kila mtu ndoo yake mwenyewe.

Asilimia thelathini na sita.

*

Afisa wa Idara anaruhusiwa kuingia kwenye laini yoyote yenye taa nyekundu. Nikavaa vipokea sauti, nikaingia. Baba alikuwa anasoma taratibu, kama anavyosoma barua za serikali, kila neno akilipa heshima yake.

"Mvua ya vuli ilinyesha juzi kijijini kwetu. Ng'ombe mweupe amezaa ndama wawili."

"Baba, shikamoo. Ni mimi Namkunda. Acha kusoma."

Akanyamaza. Nikasikia jogoo akiwika uani kwake, nikapata matumaini.

"Wameshafika," Baba akasema, lakini hakuwa anasema nami. "Kama ulivyoniambia, mangi. Wamekuja kwa sauti ya mwanangu."

"Usiwajibu, ndugu yangu mpendwa," ikasema sauti nyingine. "Wanaona wivu. Endelea kusoma, muda wa zawadi unakaribia kwisha."

Sauti ile naijua tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Ni ya Anaeli Temba wa Marangu, Mchaga aliyefanya kazi na Baba kiwanda cha mkonge miaka arobaini iliyopita, na tangu hapo hawajaachana; "mangi" ndilo jina la utani analomwita. Wezi walikuwa wameshaiiba ya Anaeli, sasa wanaitumia kuvulia nyingine. Ndivyo wanavyokwenda, wanapanda rafiki hadi rafiki. Na mimi walishanizibia njia kabla sijafika. Sauti yangu halali, niliyozaliwa nayo, kwa baba yangu mzazi ikawa ndiyo ya bandia. Nilitamani kuipasua ile meza.

"Baba, bahati nasibu ulicheza lini wewe? Utashindaje mchezo ambao hukucheza?"

"Mangi amenichezea."

"Na kwa nini wakwambie usimwambie mtu? Kwa nini haraka yote hii? Zawadi ya halali inakimbizwa na nani?"

Baba akakohoa kidogo. "Mama," akasema kwa upole, kama anavyomwambia mtu wa kupita anayeomba njia, "sijui wewe ni nani. Lakini unamwigiza vizuri sana mwanangu. Hata ukali wake umeupata." Akaendelea kusoma. "Mama mkwe alikwenda sokoni na kikapu kipya."

Arobaini na nane.

Nikampigia jirani yake, Mama Senzota. Ikajibu sauti yake ya kupokelea simu, ile ya mashine: "Naam mpenzi, niko shambani, nitamfikishia salamu zako zote." Nikampigia Anaeli mwenyewe, Anaeli wa damu na nyama. Laini yake inatumika. Lazima itumike, wezi wameikalia. Nikapiga mara tatu, nikatukana mara tatu.

"Funga sauti yake," nikamwambia Hiza.

"Bila neno lake mwenyewe? Inabidi kibali cha tume. Dakika arobaini, wakiharakisha."

"Anamaliza baada ya kumi!"

"Najua."

Sheria yetu iko hivi, na mwanzoni ilionekana ni sheria nzuri. Sauti ni mali ya mwenyewe, hakuna wa kuifunga ila yeye. Anamwambia afisa neno moja tu, "Nafunga," na kwa siku tisini hakuna mashine nchini itakayomtii yeye wala mwizi wake. Sasa nenda kamwambie neno hilo mtu anayeamini kwamba mwizi ni wewe.

Hiza akavuta kiti karibu. Akashusha sauti ingawa chumbani tulikuwa wawili tu.

"Dada, marehemu mama yako. Sauti yake bado iko kwenye ghala letu?"

Nikageuza macho ubaoni.

"Mzee hatabishana na mama yako. Sentensi moja tu, 'Acha kusoma.' Mrithi anaruhusiwa, kanuni ya kumi na nne."

"Ndicho wanachofanya wao, Hiza. Wamemvalia Anaeli, na mimi nimvalie Mama?"

"Nia si moja."

"Kila mwizi ana nia yake."

"Haya," akasema, akaashiria ubao. "Basi kaa na usafi wako."

Hamsini na tisa.

Hiza hakujua yote. Mama yangu, Nanzia, alifariki miaka mitatu iliyopita. Tulipomaliza matanga Baba aliniita nyuma ya nyumba, akaniambia, "Nenda huko kazini kwako, ifute sauti ya mama yako. Sitaki siku moja nisikie maiti ikiniamkia." Nikamwambia, ndiyo, Baba. Wiki iliyofuata akaniuliza, umeifuta? Nikamwangalia machoni, nikasema nimeifuta. Sikuifuta. Saa ya chakula, wenzangu wakishatoka, namfungulia Mama ujumbe wake wa zamani, ule wa kunifokea kwa sababu sikutuma kanga aliyoniagiza. Namsikiliza mpaka mwisho, kisha namfunga. Nikimtumia leo Mama, Baba ataacha kusoma, na atajua kwamba mimi nilimdanganya juu ya kaburi.

Lakini nikasema potelea mbali. Maji ya kaya mia nne, na mimi nahofia aibu yangu? Nikaifungua mashine ya kutengenezea sauti, nikamchagua Mama, nikaandika kama ambavyo angesema mwenyewe: *Kajiru, una kichwa au una boga? Acha kusoma, mpumbavu wewe.*

Kioo kikanijibu: *Baadhi ya maneno hayaruhusiwi. Tumeyarekebisha.* Kisha mashine ikanichezea sampuli masikioni.

"Baba Namkunda, mpenzi wangu, tafadhali acha kusoma. Nakuomba sana."

Ilikuwa sauti ya Mama kabisa, hata ule mkwaruzo wa kifua. Na haikuwa Mama hata kidogo. Mama yangu hakuwahi kumwita mtu mpenzi tangu azaliwe. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma, na Hiza alikuwa anasema, "Tuma, dada, tuma, sabini na nne hiyo!"

Sikutuma. Nilibaki nimekodoa macho kwenye lile neno, *tumeyarekebisha*.

Kuhusu chujio, kila mtu wa idara anajua. Miaka ile sauti za kutengenezwa zilipoanza kutukana watu mitaani, ikapitishwa sheria kwamba hakuna mashine ya sauti itakayotoka kiwandani ikiwa na tusi ndani. Chujio limesukwa humo humo, ukiling'oa mashine inakufa. Na wezi hawana mashine yao, wanaiba hizi hizi zetu. Nilijua hayo yote, nimefundisha hadi wanafunzi, lakini sikuwahi kukaa nikafikiri yana maana gani kwa mtu wa Upareni.

Wapare na Wachaga ni watani. Baba na Anaeli katika miaka arobaini hawajawahi kusalimiana vizuri. Anaeli alikuja kwenye msiba wa Mama akasimama mlangoni, watu wote wanalia, akauliza kwa sauti kama sisi Wapare leo tutakula nyama au tutautundika mfupa darini tuule ugali kwa harufu. Baba, mgane wa siku moja, alicheka mpaka akakaa chini. Na mtu huyo leo anamwita "ndugu yangu mpendwa"?

Nikaitupa sauti ya Mama pembeni, nikarudi kwenye laini na ya kwangu.

*

"Baba, sikuombi uniamini. Nakuomba kitu kimoja. Mwambie Anaeli akutukane."

Kusoma kukakatika katikati ya neno.

"Nini?"

"Umeshinda trekta, umeshinda nyumba. Wewe Mpare. Amekutania lolote leo?"

Jogoo akawika tena. Asilimia themanini na nane.

"Mangi," Baba akasema polepole, "kweli leo hujanitania."

"Ndugu yangu mpendwa, hongera sana. Umestahili. Tafadhali endelea na sentensi ya mia mbili sitini na tano."

"Hapana, ngoja kwanza. Mimi Kajiru, Mpare, nimepata mali ya bure. Nawe Mchaga unakaa unanipongeza? Huniulizi kama nitaipeleka trekta mahakamani, sisi Wapare wapenda kesi? Hebu nitukane kidogo nifurahi."

"Ninakuheshimu sana, Mzee Kajiru. Siwezi kukuvunjia heshima. Tafadhali endelea."

Nikamsikia Baba akivuta pumzi. Kisha akalipuka.

"Mwanaharamu mkubwa! Wewe si Anaeli! Mchaga akifa unaangusha sarafu karibu na kichwa chake, asipoinuka ndiyo kweli kafa. Wewe hata ukiangushiwa gunia la sarafu huinuki, kwa sababu hujawahi kuwa mtu! Mwizi! Unanisomesha habari za ng'ombe mweupe, mimi mtu mzima, asubuhi yote..."

Hiza akaruka kwa furaha. Na mimi nikaanza kucheka, mpaka macho yangu yalipokwenda ubaoni. Tisini na moja. Tisini na mbili.

"Baba, nyamaza! Nyamaza usiseme!"

Si lazima wasikie sentensi zao. Neno lolote linawafaa, na mtu aliyekasirika anatoa sauti ambazo hatoi akisoma, zile hasa walizokuwa wamezikosa. Na tisini ikishapita, hata akiizima simu, mashine yao inabuni kilichobaki ndani ya saa moja. Pamebaki neno moja tu la kuzuia hapo.

"Baba, sikiliza. Sema 'Nafunga.' Sema hilo tu."

"Mzee Kajiru," ikasema ile sauti, na sasa haikuwa ya Anaeli, ilikuwa ya mwanamke, nyororo, ya ofisini. "Pole kwa usumbufu. Umeingiliwa na wahalifu wawili. Mmoja alijifanya rafiki yako, wa pili anajifanya binti yako. Hapa ni Idara ya Sauti. Usifunge chochote. Soma sentensi chache za mwisho tukulinde."

Shenzi! Wamejiita sisi.

"Nyote wezi," Baba akasema. "Nyote. Nitajuaje? Huyu anasema funga, huyu anasema soma. Mwanangu, kama ni wewe, nitajuaje?"

Tisini na tano.

Nimwambie nini? Siku yangu ya kuzaliwa? Jina la mbuzi wetu? Jina la shule? Yote hayo tumeshayaandikiana kwenye simu miaka nenda miaka rudi, na mwizi anayekufuatilia anayasoma kabla hajakupongeza. Ilibidi kiwe kitu ambacho hakijawahi kupita kwenye simu ya mtu yeyote. Nilikuwa nacho kimoja. Mashine ya kuibia watu inabembeleza, inasifu, inatisha. Haiungami kosa, kwa sababu haina la kuficha.

"Baba," nikasema, "sauti ya Mama sikuifuta."

Hiza akageuka kuniangalia.

"Uliniambia nyuma ya nyumba, kwenye kuni. Nikakudanganya nikikuangalia machoni. Ninayo hapa. Naisikiliza kila siku saa ya chakula, miaka mitatu sasa. Na dakika tano zilizopita nilitaka kumleta kwenye laini hii umsikie, nikuchezee kama wao wanavyokuchezea. Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Nisamehe, Baba."

"Usimsikilize, Mzee Kajiru," ikasema ile sauti nyororo. "Tafadhali soma."

Nikasikia Baba anapumua. Hiza alikuwa ameshika kichwa.

"Kwa hiyo yumo humo," Baba akasema. "Siku zote hizi mimi nasema na picha ukutani, na yeye yumo humo kwako."

"Yumo, Baba."

Tisini na saba. Tisini na nane.

"Nafunga," akasema.

Taa ikazimika. Laini ikakatika hapo hapo, ndivyo kufunga kulivyo, haibakizi hata nafasi ya kuagana. Hiza akanipiga bega akisema tumeshinda, dada, tumeshinda. Mimi nilibaki nimekishika kile kipokea sauti kisichosema kitu, nikiwa mtu wa kwanza kuokoa ndiva na kumpoteza baba kwa pumzi moja.

*

Nilipanda Mbaga na gari la ofisi, nikafika saa nane mchana. Bwawani vijana wanne walikuwa wameshalifungua lango kwa nondo, maji yanateremka, na Mama Senzota anawasimamia kwa makelele. Siku tisini watafanya hivyo hivyo, na hakuna aliyelalamika mbele yangu.

Baba alikuwa amekaa barazani amevaa koti lake la suti, kama mtu anayengoja wageni wa posa. Nikamwamkia. Akaitikia. Nikakaa kwenye kigoda, sikujua mikono niiweke wapi.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Mwizi gani atakupa uchungu wa bure? Mwizi anakupa trekta."

"Baba, nisamehe."

"Sauti yako nimeiamini, Namkunda. Neno lako, hapana."

Aliyasema bila ukali, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Angefoka ningejitetea.

"Umekuja naye?" akauliza.

Nikatoa kishikwambi kwenye mkoba. Nikamwonyesha jina, Nanzia Kajiru Mfinanga, na chini yake safu ya ujumbe wote wa miaka kumi na mmoja. Akainama akaangalia. Hajui kukitumia, lakini kusoma jina la mkewe anajua. Alilisoma muda mrefu.

"Unataka umsikie kwanza?" nikamuuliza. "Hizi si za kutengenezwa, Baba. Ni yeye mwenyewe. Ananifokea kuhusu kanga."

Midomo ikamcheza. Nilidhani atasema ndiyo. Namwomba Mungu anisamehe, nilitamani aseme ndiyo, ili iwe yetu wawili na isiwe dhambi yangu tena.

"Alinifokea mimi miaka thelathini na minane," akasema. "Inanitosha. Ifute. Lakini uifute hapa, nikiona."

Nikaweka kidole. Kikauliza kama nina hakika. Nikajibu nina hakika, na sikuwa nayo. Safu ile ikaondoka ujumbe mmoja mmoja, kutoka juu kwenda chini, na ule wa kanga ulikuwa wa mwisho kabisa.

"Kimeandika nini?"

"'Hakuna sauti.'"

Baba akavaa miwani yake. Akakichukua kishikwambi mkononi mwangu, akakisogeza karibu na macho, akafuatisha maneno yale mawili kwa kidole, herufi kwa herufi, kuhakikisha kwamba mwanawe hakumsomea uongo.